Nani Atashika Chuma?

Somo: Wagalatia 6:1-2, Marko 1:19

Jumapili tulisoma pale Paulo anapowaambia Wagalatia kwamba mtu akinaswa na kosa, wenye Roho wamtengeneze tena, tena kwa upole. Neno lake la Kigiriki ni katartizo. Marko analitumia neno hilo hilo anapowaeleza Yakobo na Yohana wakiwa ndani ya chombo chao, wanatengeneza nyavu. Umeona? Paulo anaongea lugha ya fundi. Hatumi mtu kumwombea ndugu yake kutoka mbali halafu aende zake. Anazungumzia kazi ya mikono.

Sasa sisi hapa Mulot mambo ya nyavu na boti hatuna. Amala tunauvuka kwa daraja, basi. Lakini maji yayo hayo huungana na ya Nyangores yakawa Mara, na Mara huishia Ziwa Victoria kule upande wa Musoma. Mimi kabla ya kuitwa kwenye huduma nilifanya kazi ziwani, upande wa Kisumu, kwenye karakana ya boti. Nyingi zilikuwa za mbao. Hizo unazikalafati, unashindilia pamba kati ya mbao na mbao. Siku moja ikaletwa boti ya alumini, kuukuu, imeunganishwa kwa riveti. Ilikuwa imelala chini ya mti miaka, imejaa majani makavu. Mwenyewe alitaka ipakwe rangi tu, apate kuiuza.

Mzee aliyekuwa fundi wetu akakataa. Hakuipeleka majini kuijaribu. Aliipandisha juu ya magogo, akatuambia tumwage maji ndani. Ndoo baada ya ndoo! Halafu tukaingia chini na chaki, na kila palipotoka tone tukachora duara. Kila mtu alikuwa akitazama ubavu mmoja uliobonyea vibaya kwa kugonga jiwe. Ubavu ule haukutoa hata tone. Palipovuja ni chini kabisa, kwenye riveti za kando ya mkuku, ambazo hakuna mtu anayeziona boti ikiwa majini. Mawimbi yalikuwa yamezitikisa mwaka baada ya mwaka mpaka zikalegea. Juu yake mtu alikuwa amepaka lami nene, na chini ya lami maji yalikuwa yakipita vizuri tu.

(Kulikuwa pia na bolti moja ya shaba ambayo mtu alikuwa ametia kwenye alumini. Pande zote za bolti ile alumini ilikuwa imeliwa, imekuwa unga mweupe. Vyuma viwili vya aina tofauti vikikaa pamoja majini, kimoja humla mwenzake. Vijana, hayo ni mahubiri ya siku nyingine.)

Sasa sikilizeni jinsi riveti inavyokazwa. Mtu mmoja hawezi. Ukiigonga upande mmoja peke yako, inasukumwa upande wa pili na tundu linazidi kupanuka. Lazima mmoja awe ndani na nyundo, na mwingine alale chali chini ya boti, kwenye tope, amekandamiza chuma kizito kwenye kichwa cha riveti. Wa ndani anagonga polepole. Wa chini hagongi chochote, lakini mtikisiko wote unamwingia yeye mkononi, na maji yanamdondokea usoni. Ukipita njiani utasikia nyundo tu. Mwenye chuma humwoni.

Na rangi ilikuja mwisho. Alumini ukiisugua ikang'aa, haikai hivyo. Papo hapo hewa inaanza kuivika ngozi nyembamba, na rangi haiishiki vizuri. Kwa hivyo ukisugua leo, unapaka ile rangi ya kwanza leo leo, husemi utarudi wiki ijayo. Tulipoirudisha majini, riveti moja bado ilitoa jasho. Tukaitoa, tukalala chini tena. Hakuna aliyesema boti hii haifai.

Wapendwa, ndugu yetu amerudi. Mlimwona akisimama mbele, mlimwona akilia. Tangu siku hiyo nimesikia maneno ya namna mbili. Kuna wanaotaka arudishwe kwenye kinanda mara moja, kwa sababu kwaya imepwaya bila yeye. Hiyo ni rangi. Na kuna wanaosema akae kiti cha nyuma mwaka mzima, kila mtu amkumbushe alivyomtesa mama watoto. Hiyo ni nyundo, na nyundo kanisa hili halijawahi kukosa. Mimi kama mchungaji nasema kinanda kitangoja. Nilikaa naye, tukamwaga maji ndani, na amenikubalia niwaambie tulichokiona. Wengi mnadhani shida ni marafiki wake. Sivyo. Kinachovuja ni jioni moja tu ya mwezi, siku ya pesa ya maziwa, kutoka stejini mpaka nyumbani kwake. Njia ile ina mlango mmoja ambao yeye peke yake hawezi kuupita akiwa na pesa mfukoni. Mkewe alijua hilo zamani, hakuna aliyemuuliza.

Pesa ya maziwa inatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Nataka wanaume wawili wamngoje stejini saa kumi na moja jioni, watembee naye mpaka langoni pake, wamsalimie mama, warudi. Wasimhubirie njiani. Waongee habari za ng'ombe na mahindi. Na mwezi unaofuata wafanye vivyo hivyo, hata kama mvua inanyesha. Atakayekubali ampe mzee wa kanisa jina lake kabla ya ibada ya Jumatano.