Nguvu ya Kidole ni ya Nani?

Karibu kila piano ya kidijitali ina mahali pa kuchagua namna itakavyoupokea mguso wako: laini, wastani au mzito. Nyingi zina na chaguo la nne, linalofuta tofauti zote. Watu huchagua siku ya kwanza, wakasahau. Mimi naona hapo pana swali la haki.

Hebu tuanze na mashine yenyewe. Chini ya kila kitufe kuna vihisi viwili au vitatu. Havipimi umekandamiza kwa nguvu gani. Vinapima muda kati ya kihisi cha kwanza kuguswa na cha mwisho, yaani kasi. Kwa utaratibu wa MIDI, uliotoka mwaka 1983, kasi hiyo inageuzwa kuwa namba, 1 hadi 127. Ukichagua "laini", kidole kinachoshuka polepole kinapewa sauti kubwa. Ukichagua "mzito", kidole kilekile kinanong'ona. Kitufe hakijaongezeka hata gramu moja!

Ndipo ninapoachana na wanaosema eti mwanafunzi aanze na "mzito" ili vidole vikomae. Vikomae kwa kubeba nini? Kilichokuwa kizito ni sikio la mashine. Na mtoto asiyesikilizwa mpaka apige kelele hajifunzi nguvu, anajifunza kelele.

Wapo pia wanaosema "laini" ni udanganyifu, kujipa sauti usiyoitolea jasho. Josef Hofmann, mpiga piano aliyesifika dunia nzima mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa na mikono midogo, na Steinway walimtengenezea piano zenye vitufe vyembamba kidogo. Sasa mbona bibi mwenye baridi yabisi vidoleni aonekane mwongo kwa kubonyeza kitufe kimoja? Hata hiyo "wastani" kuna mtu aliichagua kiwandani, akiwa na mkono wa namna fulani kichwani.

Kinachonisumbua ni lile chaguo la nne. Papasa, gonga, sauti ni ileile. Kwa sauti ya ogani sawa, ndivyo ogani ilivyo. Lakini mpiga kinanda wa kwaya mwenye wasiwasi anaweza kukimbilia hapo hata kwa sauti ya piano, kwa sababu hakuna noti itakayozama. Ni usawa, ndiyo, ila umepatikana kwa mashine kuacha kusikiliza. Mnamo 1700 huko Florence, Bartolomeo Cristofori, tofauti na hapsikodi inayodonoa nyuzi kwa sauti moja tu, aliunda chombo cha nyundo ili kidole kiweze kusema kidogo na kusema sana. Tunalipia kazi yake, halafu tunaizima.

Kinanda cha pamoja kina ugomvi wake. Mzee anataka laini, kijana anataka mzito, kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa "kuharibu". Kubadilisha ni suala la sekunde chache. Aliyekaa kwenye kiti abadilishe, na anayemfuata abadilishe tena.