Uongo Usiomdanganya Mtu

Katika miaka yote niliyofundisha vyuo vya ualimu, swali moja lilinirudia mara nyingi kuliko maswali ya mitihani: je, mtu asimuliaye mambo yasiyokuwapo ni mwongo? Wapo watakaosema kuwa hilo ni swali la watu wasio na kazi. Nami niliwahi kulijibu kwa haraka, tena mbele ya kadamnasi, na kwa jibu lile nilimdhulumu kijana mmoja. Ndiyo sababu nimeona si haki kukifunga kitabu hiki bila kulieleza.

Nianzie mbali kidogo. Septemba 1973, nikiwa na umri wa miaka 25, nilipelekwa Uingereza kusomea stashahada ya elimu katika mji wa Leeds. Nilipanga chumba nyumbani kwa mzee mmoja mjane, fundi wa reli aliyestaafu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Majuma ya kwanza mazungumzo yetu yalikuwa juu ya mvua tu: kama imenyesha, kama itanyesha. Lakini kila asubuhi nilimwona akifanya jambo moja lililonistaajabisha. Alilifungua gazeti lake, Daily Express, akazipita habari za ukurasa wa kwanza kana kwamba hazikuandikwa, akaenda moja kwa moja kwenye mstari mmoja wa picha zilizochapwa ndani, picha tatu au nne hivi. Alizisoma polepole, kama mzazi asomavyo barua ya mwanawe aliye mbali. Kisha alichukua mkasi, akazikata, akazitia katika kopo la biskuti.

Kwetu nilizoea michoro ya magazetini. Nilimjua Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na wazee wetu walimcheka mpaka machozi. Lakini mzee huyu hakuwa akicheka. Siku moja nikajipa moyo, nikamwuliza anasoma nini. Hakunijibu kwa maneno. Alinisogezea kopo.

Hadithi ile iliitwa Jeff Hawke, jina la rubani wa jeshi la anga la Uingereza ambaye kazi yake ilimtoa duniani na kumkutanisha na viumbe wa nyota nyingine. Mchoraji wake alikuwa Sydney Jordan, Mskoti wa Dundee, na kwa miaka mingi maneno yaliandikwa na rafiki yake, Willie Patterson. Ilianza Februari 1955, yaani zaidi ya miaka miwili kabla Warusi hawajarusha Sputnik mnamo Oktoba 1957. Wala haikuwa peke yake. Gazeti la Daily Mirror lilikuwa na Garth, pande la mtu mwenye nguvu za ajabu aliyesafiri katika zama zilizopita na zijazo. Huyo alianza mwaka 1943, katikati ya vita, akaendelea hadi 1997. Na watoto walikuwa na jarida lao la kila wiki, Eagle, lililoanzishwa mwaka 1950 na kasisi Marcus Morris, ambamo Frank Hampson alimchora Dan Dare, rubani wa angani. Fikiri, ndugu msomaji: nchi iliyokuwa bado inanunua nyama kwa kadi za mgao hadi mwaka 1954, tayari ilikuwa inaota kutembea baina ya sayari.

Ukaja mwezi wa Januari 1974. Kwa sababu ya mgogoro wa wachimba makaa ya mawe, viwanda na maofisi mengi viliruhusiwa umeme siku 3 tu katika wiki, hali iliyoendelea hadi Machi. Kwa majuma kadhaa hata televisheni zilifungwa saa 4:30 usiku. Mzee na mimi tukawa tunakaa katika chumba kimoja chenye moto, na kopo la biskuti baina yetu. Alinieleza mizaha ya Kiingereza nisiyoielewa, nami nikaanza kuzisoma hadithi zile kwa mpangilio.

Nilichokuta humo sikukitegemea. Nilidhani nitaona mazimwi na vita. Vita vilikuwapo, lakini wengi wa wale wageni hawakuwa mazimwi. Wengine walikuwa wafanyabiashara, wengine matapeli, wengine makarani waliochoka, wenye kuhangaika na mafaili na kanuni za wakubwa wao. Mbele yao dunia yetu ilikuwa kijiji kidogo pembezoni mwa barabara, na wakazi wake watu wakaidi waliojifunza silaha kabla ya kujifunza adabu. Mwanadamu hakuwa bwana wa ulimwengu. Alikuwa mwenyeji wa mahali padogo, akiangaliwa kutoka juu.

Usiku mmoja nilicheka kwa sauti. Mzee akaniuliza sababu. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi nimezaliwa katika nchi iliyotawaliwa. Huyu mtu anayefika kwako na daftari, akuhesabu kabla hajakusalimia, mimi namfahamu. Ninyi mnamsoma gazetini." Alinitazama muda mrefu, kisha naye akacheka. Akasema, "Basi wewe ndiye uliyepaswa kunifafanulia hadithi hizi, si mimi wewe." Tangu usiku huo hatukuzungumza tena habari za mvua.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi baadaye. Daily Express lilikuwa mali ya Lord Beaverbrook hadi alipofariki mwaka 1964, mtu aliyelitumia gazeti lake kuipigania Dola ya Kiingereza. Katika kurasa za gazeti hilohilo, msomaji alipewa kila asubuhi nafasi ya kuonja hali ya mtawaliwa. Wala Jordan na Patterson hawakuwa wa kwanza. H. G. Wells alifanya hivyo katika kitabu chake The War of the Worlds cha mwaka 1898: aliwaleta viumbe wa Mirihi kuishambulia Uingereza, na mwanzoni kabisa akawakumbusha wasomaji wake jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Mwaka huohuo wa 1898, huku kwetu, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua ili asikamatwe na Wajerumani. Yaliyokuwa hadithi kwa wasomaji wa London yalikuwa msiba mtupu kwa Wahehe.

Watu wanaoikumbuka hadithi ya Jeff Hawke hupenda kuisifu kwa jambo jingine. Mwaka 1959 ilionyesha kuwa mwanadamu wa kwanza angetua mwezini tarehe 4 Agosti 1969. Neil Armstrong alitua tarehe 20 Julai 1969. Walikosea kwa siku 15 tu! Mzee wangu alijivunia tarehe ile kana kwamba ameibuni yeye. Lakini mimi sioni kuwa hapo ndipo penye thamani yake. Hata mpiga ramli hupatia siku moja moja, wala hatumwiti mkweli kwa hilo. Na kama thamani ya hadithi ni kupatia tarehe, basi siku ilipopita ile tarehe, hadithi nayo ingekuwa imekufa. Mzee hakukata vipande vile kwa miaka yote hiyo kwa sababu ya kalenda.

Aprili 1974, baada ya miaka 19, gazeti liliiacha hadithi ile. Asubuhi ile mzee alifungua ukurasa, akafunga, akaweka mkasi mahali pake. Hakusema neno mpaka jioni. Nilipoondoka mwezi wa Julai alinipa bahasha nene yenye vipande vya hadithi mbili nzima.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Wakaguzi walikuwa wanakuja juma lililofuata, nami nikawa nakagua madaftari ya maandalio ya masomo ya wanachuo. Katika daftari la kijana mmoja wa hisabati nikakuta, kurasa za nyuma, michoro iliyopangwa kwa visanduku. Wageni wa nyota ya mbali wameshuka kijijini na chombo kinachong'aa. Wanataka kuonana na viongozi wa dunia. Wanaambiwa walete kwanza barua ya balozi wa nyumba kumi. Balozi anawaambia warudi kesho, kwa sababu mhuri umefungiwa katika mtoto wa meza na mwenye ufunguo yuko mazishini. Kazi ilikuwa nzuri, leo nakiri. Lakini katika kisanduku cha mwisho alikuwapo mkuu fulani wa chuo, mwenye kitambi na miwani minene, akiwauliza wageni kwa nini hawakuchomekea mashati. Miwani ile ilikuwa yangu.

Kesho yake, mstarini, nilimwita mbele.

"Mambo haya yalitokea wapi?" nikamwuliza.

"Hayajatokea, Mkuu."

"Kama hayajatokea, ni nini?"

Akanyamaza.

"Ni uongo," nikasema. "Taifa halikukuleta hapa kujifunza uongo. Zichane."

Akazichana, kurasa sita, moja baada ya nyingine. Wenzake walicheka, maana nilikuwa nimewaonyesha kuwa wacheke. Jioni ile nilifungua kabati langu kutafuta karatasi, nikaiona bahasha ya mzee wa Leeds. Nikaifunika na vitabu. Sikumwita kijana yule. Nilijiambia kuwa mkuu akiomba radhi, nidhamu ya chuo itaanguka.

Turudi sasa kwenye swali. Uongo ni nini? Mimi naona una miguu mitatu kama jiko la mafiga. Kwanza, jambo lisemwalo si kweli. Pili, msemaji anajua si kweli. Tatu, anataka msikilizaji aliamini. Ondoa figa moja, sufuria itaanguka. Hadithi ya kubuni ina mafiga mawili. La tatu haina. Wazee wetu walilijua hili kabla ya vyuo. Msimulizi husema, "Paukwa!" na wasikilizaji hujibu, "Pakawa!" Hayo si maneno ya kupoteza wakati. Ni mapatano. Msimulizi ameomba ruhusa ya kusema yasiyokuwapo, na wasikilizaji wameitoa kwa vinywa vyao. Hakuna mtoto aliyewahi kushtaki kuwa Sungura hawezi kuzungumza na Fisi. Anachoshtaki mtoto ni Fisi kudhulumu, na hilo ni kweli tupu.

Visanduku vya gazetini ndiyo paukwa ya wachoraji. Msomaji akiviona tu, amekwisha kuitika. Ukurasa wa kwanza wa gazeti hauna pakawa. Huo unataka uaminiwe, na mara nyingine ndimo uongo wa kweli unamokaa. Kwa hiyo huenda mzee wangu, alipouruka ukurasa wa kwanza, hakuwa mpumbavu hata kidogo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, hukataa maneno haya. Ananiambia: daftari la maandalio ni mali ya kazi, mwanafunzi aliacha kazi akachora, ulikuwa na haki ya kumrudi. Nami namkubalia. Nilikuwa na haki ya kumwita ofisini na kumwambia anunue daftari jingine. Hilo lingekuwa rudio la mwalimu. Lakini sikumrudi kwa ajili ya daftari. Tupime mstari ule wa asubuhi kwa mafiga yetu matatu. Nilisema kuwa naitetea kweli. Haikuwa kweli, nilikuwa naitetea miwani yangu. Nilijua hivyo. Na nilitaka watu mia mbili waniamini. Mafiga yote yalikuwapo, na sufuria ilitulia. Asubuhi ile mwongo alikuwa mmoja tu, na hakuwa yule aliyechana karatasi.

Mwaka 2011, nikiwa nimekwisha kustaafu, tulikutana mazishini. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwenye mvi kidogo. Akaniamkia, "Shikamoo, Mkuu," nami nikaitika. Nikamvuta kando, chini ya mwembe, nikamwomba radhi kwa maneno machache, kwa maana niliogopa mengi yangenipa nafasi ya kujitetea. Akasema, "Yale yamekwisha, Mkuu." Nikamwuliza kama bado anachora. "Nachora ubaoni," akajibu. "Moyo na mapafu, kwa darasa la sita."

Mwezi uliofuata nilimfuata kwake na ile bahasha. Alitandaza vipande mezani, karatasi zimekuwa za rangi ya chai, akavisoma kimya mpaka alipofika kwa karani mmoja wa nyota za mbali aliyezungukwa na mafaili. Akainua macho.

"Mkuu, hata hawa waliambiwa warudi kesho?"

"Hata hawa," nikasema.

Tukacheka pamoja, naye akaikubali bahasha. Hakuniambia kuwa ameanza kuchora tena, nami sikumwuliza. Aliyechanisha kurasa hana haki ya kudai zirudi.