Mtoto Aliyekuja Kutembea: Ni Mgeni au Ni Mtoto wa Nyumba?

Kila mwaka, shule zinapofungwa mwanzoni mwa Julai, nyumba zetu za Likasi hujaa watoto. Mvua zimekwisha zamani, asubuhi kuna baridi, na vumbi jekundu limelala juu ya majani ya miembe. Ndio wakati ndugu zetu wa vijijini na wa miji mingine wanapotuletea watoto wao watembee kwetu. Mmoja anashuka katika basi la Kolwezi, mwingine ametoka Kambove au Lubumbashi, mwingine amefika juu ya lori la makala na mfuko mdogo wa unga aliopewa na mama yake. Tunawapokea kwa furaha, tunauliza habari za wazee, tunatandika mkeka. Desturi hii ni njema, nayo ni mali tuliyoachiwa na wazee wetu.

Lakini baada ya siku chache huzuka swali ambalo watu wachache hulisema kwa mdomo, ingawa mikono yetu hulijibu kila siku. Mtoto huyu wa ndugu ni nani katika nyumba yetu? Ni mgeni? Ni mtoto wa nyumba? Au ni mtu wa namna ya tatu, asiyepata heshima ya mgeni wala haki ya mtoto? Tunataka kulitazama swali hili pamoja nanyi, maana twaona kwamba ni swali la haki, wala si la adabu tu.

Wazee walisema: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyenunuliwa leo hufungwa kamba asije akapotea, na kila anayeingia uani akiiona kamba ile hujua kwamba huyu si wa hapa. Kwa kuku, kamba hiyo ni akili, na akisha kulizoea banda hufunguliwa. Kumbe wako watoto ambao kamba yao haifunguliwi kamwe. Haionekani kwa macho, lakini mtoto mwenyewe anaijua. Ndiye anayeamshwa wa kwanza kwenda bombani na bidoni, wakati wenzake wangali wamelala. Ndiye anayepewa mkia wa samaki, baada ya vipande vya katikati kupata wenyewe. Na jirani akiuliza, "Huyu naye ni wako?", hujibiwa mbele ya mtoto: "Hapana, huyu amekuja kutembea tu."

Kamba hiyo huonekana siku ya furaha zaidi kuliko siku ya kazi. Tuchukue mfano wa baba mmoja, kama walivyo wengi kati yetu. Amewaahidi watoto wake kwamba katika vakansi atawapeleka Kapolowe kuliona ziwa Tshangalele. Ni matembezi mazuri, nayo yana mafundisho. Ziwa lile halikuwapo zamani. Lilizaliwa mto Lufira ulipozibwa kule Mwadingusha, karibu na mwaka 1930, ili upatikane umeme kwa kazi ya shaba. Hapo watoto huona mitumbwi na wavuvi, huona na misioni ya zamani ya mapadri Wabenedikto. Basi baba anahesabu nauli. Fedha aliyoiweka yawatosha watoto wake wanne, lakini nyumbani wamo watoto sita. Anakuna kichwa, kisha anawaambia wale wawili wa dada yake: "Ninyi mtabaki kuangalia nyumba."

Neno hilo ni dogo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelala na njaa. Je, baba huyo amekosa?

Tusikimbilie kumhukumu, maana anayo maneno ya kujitetea, na maneno yenyewe si mabaya. Kwanza, fedha ile ni jasho lake. Pili, Mtakatifu Paulo anamwandikia Timoteo kwamba mtu asiyewatunza walio wake, na hasa watu wa nyumba yake, ameikana imani. Tatu, Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, anafundisha kwamba mapendo yana utaratibu: hatupaswi kuwapenda watu wote kwa kipimo kimoja, bali walio karibu nasi zaidi wana dai kubwa zaidi. Naam, Kanisa halimwambii baba ajifanye kana kwamba hakuzaa. Mtu anayesema kwamba anawapenda watoto wote wa mji sawasawa, huenda hampendi hata mmoja.

Hayo yote twayakubali. Lakini kumpenda mmoja zaidi ni jambo moja, na kumnyima mwingine kilicho haki yake ni jambo jingine. Tena Paulo anataja watu wa nyumba, na katika nyumba za siku zile hawakuhesabiwa waliozaliwa na mwenye nyumba peke yao, bali wote waliokaa chini ya ulinzi wake.

Twaona kwamba baba wa nyumba ana madeni mawili. La kwanza ni deni la uzazi. Mtoto aliyemzaa anamdai malezi ya miaka mingi, karo ya shule na urithi. Deni hili mtoto wa dada aliyekuja kwa majuma sita hawezi kulidai, kwa kuwa ana wazazi wake wa kulilipa. Baba akiweka kwanza karo ya Septemba ya mwanawe, hakumdhulumu mtu. La pili ni deni la nyumba. Kila mtoto anayelala chini ya paa letu kwa ruhusa yetu anatudai yale ambayo nyumba huyafanya kwa pamoja: bukari ya chungu kimoja, mahali pa kulala, kazi ya kadiri, sala ya jioni, na furaha pia. Hatudai kwa sababu tulimzaa, bali kwa sababu tulimfungulia mlango.

Sasa matembezi ya familia yamo katika deni lipi? Kwa maoni yetu yamo katika la pili, maana ni furaha ya nyumba nzima. Ndipo lilipo kosa la baba yule. Kuwapenda wanne wake si kosa. Kosa lake ni kuigeuza furaha ya nyumba kuwa urithi wa damu. Tena hakuwafundisha wale wawili tu kwamba wao ni watu wa kando. Aliwafundisha pia wanne wake kwamba ndugu ni yule anayeingia katika hesabu. Somo hilo watalikumbuka, nao watakapokuwa watu wazima huenda watagawana na kutengana wao kwa wao kwa hesabu ile ile.

Na hesabu ya namna hii ilitoka wapi, sisi tuliolelewa na babu wasiotofautisha mwana na mpwa katika sahani? Kwa sehemu ilitoka katika historia ya mji wetu. Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulikua pamoja na Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao, ikawapa nyumba, matibabu, shule na posho. Posho ile ilipimwa: kipimo cha mtu, cha mke, cha watoto walioandikwa. Mpwa aliyekuja kutembea hakuwa na kipimo. Ni kweli, wazee wengi wa Panda na Shituru waligawana chakula chao na watu wasioandikwa popote, na Mungu aliona. Walakini orodha ilitufundisha kuitazama familia kwa jicho la karani. Mwaka 1967 mali ya kampuni ilichukuliwa na Serikali, baadaye ikaitwa Gécamines. Kisha mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Posho imekwisha, lakini orodha imebaki vichwani mwetu, na ufukara umeifanya kali zaidi.

Mtu atasema: mkia wa samaki na nauli ya basi ni mambo madogo, kwa nini kuyaandikia? Twajibu: tazameni yanakofika. Siku mtoto wa nyumba atakapougua, au baba atakapokosa kazi, watu wenye hofu watatafuta sababu. Macho yao yatamwangukia nani? Yatamwangukia yule mwenye kamba mguuni. Katika miji ya Kongo wengi wa watoto wanaoitwa wachawi ni yatima, au watoto wa kambo, au watoto waliokuwa wakikaa kwa ndugu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inaweka adhabu kwa kosa hilo. Ni vema sheria ziwepo. Lakini mara nyingi sheria hufika wakati mtoto amekwisha kutupwa barabarani. Kabla ya neno lile la kutisha kusemwa, yalitangulia maneno madogo mengi: "huyu si wetu", "huyu atabaki". Hatusemi kwamba kila anayemwacha mpwa nyumbani atamwita mchawi. La, hasha! Twasema kwamba moyo huzoea, na uliozoea kumtenga mtoto katika furaha hautachelewa kumtenga katika msiba.

Tuitazame sasa Familia Takatifu. Mtakatifu Luka anatuambia kwamba Yozefu na Maria walikwenda Yeruzalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Yezu alipokuwa na miaka 12, wazazi walianza safari ya kurudi, naye akabaki nyuma. Wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba yumo katika msafara, kisha wakamtafuta kati ya ndugu na wale waliowajua. Tumezoea kufikiri juu ya uchungu wao mpaka walipomwona hekaluni siku ya tatu. Tufikiri pia juu ya mchana ule wa kwanza. Mama kama Maria aliwezaje kwenda siku nzima bila kumwona Mwanawe, asifadhaike? Bila shaka ni kwa sababu alijua kwamba katika msafara ule mtoto wake, popote alipo, yuko kwao. Kama kila jamaa ingehesabu wa kwake tu, Maria angemtafuta saa ile ile.

Na Mtakatifu Yozefu je? Hakumzaa Yezu. Hata hivyo alimpa jina kama malaika alivyoagiza, akampa paa na chakula, na watu wa kwao wakamwita Yezu mwana wa seremala. Hawakuona kamba yoyote mguuni mwake.

Lakini haki ina pande mbili, na wanaotembea wana wajibu wao pia. Bikira Maria alikwenda kumtembelea jamaa yake Elizabeti, akakaa naye kama miezi mitatu. Zamani sikukuu hiyo ilikuwa tarehe 2 Julai, katika siku zile zile za kufunga shule. Tangu kalenda ya mwaka 1969 twaiadhimisha tarehe 31 Mei. Elizabeti alikuwa mzee mwenye mimba, wala hatuwezi kufikiri kwamba Maria alikaa kitini akingoja kuandaliwa. Wahenga nao walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo si adhabu. Ni alama kwamba kamba imefunguliwa. Mtoto anayetembea na achote maji na afagie uwanja, mradi watoto wa nyumba nao wachote na wafagie. Jembe likipewa mgeni peke yake, hilo ni kamba nyingine. Na ninyi wazazi mnaotuma watoto, toeni habari mapema, tumeni hata kipimo kidogo cha unga, wala msimwache mtoto kwa kimya mpaka shule zifunguliwe. Kumtupia ndugu mzigo bila kumwuliza ni dhuluma vilevile.

Basi baba yule afanyeje na nauli yake ya watoto wanne? Ushauri wetu ni huu: ahesabu watu kwanza, ndipo achague mahali. Ikiwa fedha haiwafikishi sita Kapolowe, abadili mahali, wala asiwapunguze watoto. Waende wote kwa miguu mpaka mtoni au mlimani, na beseni moja la bukari na samaki, wacheze, wasali, warudi jioni. Mtasema: na ahadi aliyowapa wanne? Ahadi ni kitu kizito. Awakalishe basi, awaambie kweli ya fedha, awaombe waahirishe safari ya ziwa mpaka iweze kuwa ya wote. Watoto ni wakarimu wakiombwa, na watanung'unika kidogo kisha watasahau mchezo ukianza. Afadhali matembezi mafupi ya wote kuliko safari ndefu ya wengine.

Maaskofu katika Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 walichagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Jina hilo lilitoka katika nyumba kama zetu. Mtoto aliyebaki kuangalia nyumba, je, atalisikia namna gani likisomwa Jumapili?

Mwisho wa Agosti watoto watarudi kwao. Mama zao watawapokea, watawatazama kama wamenenepa au wamekonda, watawauliza: "Mlikaaje kule kwa mjomba?" Jibu la mtoto saa ile hatutalisikia sisi, ila Mungu atalisikia. Na atujalie neema ya kuishi vakansi hii hivi kwamba mtoto ajibu bila kuinamisha kichwa: "Tulikaa kama nyumbani."