Mbao Zikauke Kwanza, Mwanangu

Keti, mwanangu. Ilaze simu hapo mezani, chai bado ya moto.

Nimesikia mpango wako. Unataka kuacha chuo mwaka wa pili, uanzishe shirika lako la kusaidia watoto wa mitaani. Jina umeshalipata. Muhuri, nasikia, umeshachongesha. Jana nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilijisikia mwenyewe ndani ya maneno yako, nilivyokuwa nikisema nilipokuwa na umri huo.

Geuka uitazame ile picha ukutani. Umeiona tangu hujajua kusoma. Ni Padre Giuseppe Allamano. Tarehe 20 Oktoba 2024 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu, na mimi nikalia mbele ya redio kama mtoto. Alianzisha mashirika mawili, la mapadre na mabruda, kisha la masista. Hapa kwetu Iringa wanawe walifika mwaka 1919. Wengi hudhani naye aliwahi kufika huku, akatembea kwenye vumbi hili. Hakufika. Afrika hakuikanyaga hata siku moja.

Alizaliwa Castelnuovo d'Asti, kijiji cha wakulima kaskazini mwa Italia, mwaka 1851. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana. Mama akabaki na watoto watano. Mjomba wake alikuwa Padre Giuseppe Cafasso, yule aliyewasindikiza wafungwa hadi kwenye kitanzi, leo naye ni mtakatifu. Don Bosco, yule padre mlezi wa vijana, pia alitoka huko huko. Allamano alipofika miaka 11 alipelekwa Torino, kwenye nyumba ya Don Bosco kule Valdocco, akasoma hapo miaka minne. Don Bosco alimpenda na angefurahi abaki naye. Lakini kijana aliona moyoni kwamba njia yake ni kuwa padre wa jimbo. Akaogopa kumwambia mzee usoni. Mwaka 1866 akaondoka bila kuaga. Inasimuliwa kwamba walipokutana baadaye, Don Bosco alimkumbusha kosa lile kwa upole, na Allamano akakiri kwamba hakuthubutu.

Kila nikifika hapo katika habari zake huwa natulia kwanza. Maana na mimi niliondoka bila kuaga.

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa najifunza useremala kwenye karakana moja, kwa fundi mzee asiyesema sana. Mafunzo yalikuwa miaka mitatu. Mimi nilimaliza mmoja na nusu, nikaona nimejua. Nilikuwa najua kupiga randa, najua kukata kiungo, najua kupima kwa jicho. Yeye kila siku ananipeleka nyuma ya karakana kugeuza mbao zilizopangwa zikauke. Leo geuza hizi, kesho geuza zile. Nilidhani ananifanya kibarua. Alfajiri moja nikatoka na mfuko wangu. Ndani yake mlikuwa na patasi isiyokuwa yangu.

Nikapata kazi haraka, na hiyo ndiyo iliyonipoteza. Kigango kimoja kijijini kilitaka mabenchi 30 kabla ya Noeli. Nikanunua mbao za mkaratusi, mbichi, zinatoa maji ukizipiga msumari. Nikazianika juani wiki tatu. Mabenchi yakatoka mazuri, yanang'aa vanishi, watu wakanipigia vigelegele. Kufikia Kwaresima yalikuwa yameanza kupinda. Miguu ikalegea, viungo vikaachia. Ijumaa Kuu bibi mmoja alianguka na benchi, akaumia kiuno. Katekista alikuja kwangu kwa miguu, hakunigombeza. Alisema tu, "Fundi, njoo uone." Nilirudisha pesa kwa miaka miwili. Kiuno cha yule bibi sikuweza kukirudisha.

Basi sikiliza Allamano alivyokaa.

Alipadrishwa mwaka 1873, akiwa na miaka 22. Alitamani umisionari, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu. Akapewa kazi ya kuwalea vijana seminarini. Mwaka 1880, akiwa na miaka 29, akakabidhiwa patakatifu pa Bikira Maria Konsolata, katikati ya Torino. Pale ndipo alipokaa hadi alipokufa, miaka 46. Fikiri hilo. Miaka 46 kwenye kanisa lile lile, kiti kile kile cha kitubio, ngazi zile zile. Alilikarabati jengo, akalipanua. Alifungua tena nyumba ya kuwalea mapadre wapya. Aliwasikiliza watu waliokuja na mizigo yao.

Hakuwa peke yake. Alimwita Padre Giacomo Camisassa, wakafanya kazi pamoja miaka 42, hadi Camisassa alipofariki mwaka 1922. Waliahidiana kuambiana ukweli, wakaitunza ahadi. Hapo nakuomba utue kidogo, mwanangu. Mimi nilikuwa na mwenzangu wa kazi, mtu mwaminifu. Tuliachana kwa sababu ya jina la nani litangulie kwenye kibao cha duka. Kibao chenyewe kilioza. Yeye sijamwona tena, na sina hata anwani yake.

Wazo la kuanzisha shirika la wamisionari lilimjia Allamano mapema. Kufikia 1891 alikuwa ameshaandika mpango na kanuni. Alitaka vijana wa kwao waendeleze kazi ya Kardinali Guglielmo Massaia, aliyeishi miaka mingi kwa Waoromo wa Ethiopia. Kila kitu kilionekana tayari. Mwaka huo huo Askofu Mkuu wa Torino akafariki, na aliyemfuata hakuliona jambo lile kwa macho yale. Mpango ukawekwa kando.

Angeweza kuhama jimbo. Angeweza kuanza kwa siri na watu wake. Wewe ungefanyaje? Mimi najua ningefanyaje. Yeye alirudi kwenye kitubio. Akaendelea na kazi aliyokuwa nayo, miaka kumi.

Kisha Januari 1900 akaugua vibaya sana, mapafu. Watu wakamkatia tamaa. Kardinali Agostino Richelmy, ambaye sasa ndiye alikuwa Askofu Mkuu, na waliyefahamiana tangu seminari, akaenda kumwona. Allamano alidhani amekuja kumuaga. Kardinali akamwambia atapona, na kwamba lile shirika ataliunda yeye. Akapona kweli. Miezi michache baadaye alimwandikia Kardinali barua ya kuomba uamuzi, lakini kabla ya kuituma aliiweka juu ya altare akasoma Misa. Naipenda sana hatua hiyo ndogo. Barua aliyoisubiri miaka kumi, bado akaipa saa moja zaidi.

Shirika la Wamisionari wa Konsolata likaanzishwa 29 Januari 1901. Tarehe 8 Mei 1902 wanne wa kwanza wakaondoka Torino: mapadre Tommaso Gays na Filippo Perlo, mabruda Celeste Lusso na Luigi Falda. Walifika Tuthu, kwenye miinuko ya Murang'a huko Kenya, mwishoni mwa Juni. Karuri wa Gakure, mtemi wa eneo lile, akawapokea. Allamano alikuwa na miaka 51, na alibaki Torino. Aliwataka waandike kila siku wanachofanya, wamtumie. Aliwasomea wale waliokuwa bado wanafunzwa, akajibu, akauliza. Nyumba yake ilikuwa na Kenya nzima kwenye karatasi.

Wale vijana huku nao hawakupayuka. Machi 1904 waliketi Murang'a siku tatu wakakubaliana namna ya kufanya kazi. Waende majumbani kwa watu, wawatibu wagonjwa, wafungue shule, waandae makatekista. Vitu vya kila siku. Hakuna hata kimoja cha kupigiwa picha.

Masista walikuja baadaye. Ilionekana wazi kwamba bila wanawake kazi haiendi, na masista wa Cottolengo wa Torino walikuwa wametangulia kusaidia. Lakini Allamano alisita kuanzisha shirika la pili. Papa Pius X ndiye aliyemtia moyo. Januari 1910 likaanza. Miongoni mwa mabinti aliowapokea ni Irene Stefani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza sista huyo aliwahudumia wapagazi wetu, wale waliobebeshwa mizigo ya vita isiyo yao, Voi, hata huku kwetu Kilwa na Lindi. Baada ya vita akakaa Gikondi, Nyeri, akitembea mlima hadi mlima. Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa. Mwaka 2015 alitangazwa mwenyeheri pale Nyeri. Allamano alikuwa amefariki tangu 16 Februari 1926. Kaburi la binti yake yule hakuliona. Ukoo wake wa huku hakuuona.

Najua utaniuliza, na una haki. Je, yeye hakuwahi kuwa na haraka? Aliwahi. Sitakuficha. Alipotaka kuingia seminari, kaka zake walimsihi amalize kwanza shule ya serikali. Alikataa. Aliogopa kwamba wito anaousikia leo huenda asiusikie tena baada ya miaka miwili. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi, maana linaharibu mahubiri ya wazee kama mimi. Ninavyoona, alikuwa anakimbilia mahali pa kufundishwa. Alikimbia ili akae chini ya wengine. Mimi nilipoikimbia karakana nilikuwa nakimbia nisiambiwe tena la kufanya. Wewe unakimbilia wapi, mwanangu? Usinijibu leo. Ukinijibu leo utanijibu vizuri sana, na mimi nitakuamini.

Hao watoto wa stendi nawaona, usidhani siwaoni. Kuna dada anawapikia uji kila Jumamosi asubuhi nyuma ya soko. Hana muhuri. Anahitaji mtu wa kuchota maji. Unaweza kuchota maji na bado ukafanya mitihani yako.

Nilirudi kwa fundi wangu baada ya miaka saba. Nilikuwa nimeifunga ile patasi kwenye kitambaa. Alikuwa amezeeka, ameketi mlangoni, macho yana ukungu. Sikujua nianzeje. Nilimwekea patasi mkononi. Aliipapasa mpini, akapitisha kidole kwenye makali, akasema imenolewa vibaya. Kisha akaniuliza kama nina haraka. Nikasema sina, shikamoo yangu bado iko mdomoni. Akanionyesha kwa kidevu nyuma ya karakana.

Nilikwenda nikageuza mbao hadi magharibi.

Chai imepoa, mimina nyingine. Ukimaliza twende uani nikuonyeshe mbao za mninga nilizonunua mwaka jana. Nimezipanga kivulini na vijiti katikati zipate hewa, na tarehe nimeandika kwa chaki. Zile za juu nahitaji mtu mwenye mgongo wako anisaidie kuzigeuza.