Uaminifu kwa Kitu cha Kale
Baiskeli yangu ya milimani ya mwaka 1985 nimeivua tairi za meno, nikaivika laini, nikaifunga madigadi, keria na kengele, inipeleke kazini mjini. Rafiki yangu asema nimeisaliti: cha kale kiachwe kilivyotoka kiwandani. Lakini uaminifu ni kwa umbo au kwa kazi? Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn, wakazitia gia na breki za nguvu, wakateremka nazo Mlima Tamalpais. Wangaliogopa kuzigusa, baiskeli ya milimani isingalizaliwa hivyo. Hata hivyo, fremu sikuikata wala kuichomelea. Atakayeipokea baada yangu naye ana haki ya kuchagua.