Haki ya Njia Katika Mji wa Wageni



Ndugu zangu katika imani, kila nirudipo nyumbani Jinja wakati wa likizo nakuta mjadala uleule. Wazee wanasema utalii umetuletea pombe na mavazi ya aibu. Vijana wanajibu kwamba utalii ndio unaowalisha. Mto Naili, ambao Wasoga waliuita Kiyira kabla Speke hajaufikia mwaka 1862, unavuta wageni kutoka kila upande, na tangu 2020 mji wetu umepandishwa kuwa jiji. Wageni watakuja, tupende tusipende.

Hapa naikumbuka hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwatahadharisha maswahaba na kukaa njiani. Wakamweleza kuwa hawana budi, kwani hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao. Basi akawataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Tazameni: haki ya kwanza inaanza na jicho la aliyeketi. Anayelalamikia vazi la mgeni huku hambandui macho, ameivunja yeye mwenyewe.

Ya pili ni kuzuia udhia. Dereva wa bodaboda anayemtoza mgeni mara tatu kwa kuwa hajui bei, anamdhulumu. Utajiri wa anayedhulumiwa hauhalalishi dhuluma.

Lakini udhia hautoki kwa wenyeji peke yao. Maporomoko ya Bujagali yalipozama chini ya maji ya bwawa mwaka 2011, waliojipatia riziki kwa watalii pale ilibidi watafute kwingine. Mwenye mradi, uwe wa umeme au wa hoteli, naye yuko njiani. Azuie udhia wake kwa jirani. Kumwambia hivyo kwa adabu katika vikao vya jiji ndiko kuamrisha mema. Kunung'unika barazani hakumzuii mtu.

Wanafunzi wenzangu, kesho ni sisi tutakaokuwa waongoza watalii, wahasibu wa hoteli na maafisa wa mipango. Tusiseme utalii wote ni haramu, wala tusiseme pesa husafisha kila kitu. Biashara ya pombe tuiache. Boti, chakula cha halali na kazi za mikono vipo.

Allah atujaalie riziki ya halali, na ajaalie mgeni aondoke kwetu akiwa amesalimika nasi, nasi tumesalimika naye. Amin.