Kipuri Kipya, Gari Lilelile

Mwenye gari la zamani anapong'oa pampu ya mafuta na mipira ya petroli iliyotoka kiwandani, akafunga mipya, je, amelitunza gari au amelipunguza? Swali hili ni kongwe kuliko magari. Mwandishi wa Kigiriki wa kale, Plutarch, anasimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kupachika nyingine, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliuzidisha ugumu: je, mbao zilizoondolewa zikiundwa kuwa merikebu ya pili, ya kweli ni ipi? Naamini kwamba chombo kilichoundwa kufanya kazi hubaki kilekile kwa kazi yake na kwa utunzaji usiokatika.

Tutazame Volkswagen Beetle. Tangi liko mbele, injini nyuma. Petroli hupita kwenye bomba la chuma, kisha kwenye mipira mifupi, hadi kwenye pampu na kabureta. Ndani ya pampu mna utando unaopanda na kushuka kadiri injini inavyozunguka. Waliouunda walijua utachoka, wakaifunga pampu kwa nati mbili tu ili ifunguke kwa urahisi. Basi kubadilisha ni sehemu ya usanifu wenyewe. Mpira wa kale nao, uliovikwa nyuzi zilizofumwa, huficha nyufa zake, na petroli yenye ethanoli huuharibu upesi zaidi. Ukipasuka, petroli humwagikia injini ya moto. Anayeuacha kwa kuheshimu uasili anahifadhi kipande cha mpira na kuhatarisha gari zima pamoja na roho za waliomo.

Wapo watakaosema kwamba kwa hoja hii tutabadilisha kimoja kimoja mpaka pasibaki kitu. Mwaka 1990 mahakama ya Uingereza ilikabili jambo hilohilo katika kesi ya Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, gari lililoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na 1930. Sehemu nyingi zilikwisha badilishwa, na mnunuzi akadai si gari lile. Jaji Otton aliamua kwamba ni lile, kwa kuwa historia yake haikukatika wala hapakuwa na gari jingine la kudai jina hilo. Uamuzi huo unamjibu hata Hobbes: rundo la vipuri vilivyotupwa halina historia ya kuendelea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kipuri cha kale ni shahidi wa mikono iliyokitengeneza. Ni kweli, na ndiyo sababu pampu ya zamani ihifadhiwe, na badiliko liandikwe wazi. Kinachovunja uhalisi ni kuficha, kwa mfano kuuza gari kana kwamba halijaguswa. Gari la kale ni amana: aliyelipokea likiwa zima anawajibika kulikabidhi likiwa zima, pamoja na maelezo ya kweli ya yote aliyolifanyia.